Miaka Yangu Juu ya Mabega ya Polisi

Wengine huacha kazi kwa sababu ya mvi. Mimi nimeiacha kwa sababu ya miguu. Imerefuka. Mama alishusha upindo wa gauni langu la shule mwanzoni mwa muhula, na kabla muhula haujaisha hapakuwa na upindo wowote uliobaki wa kushusha. Mtu wa juu kwenye mnara wa watu hatakiwi kuwa na miguu mirefu, wala uzito wa kumfanya mtu wa chini akunje uso. Kwa hiyo nina miaka kumi na saba, nasoma sekondari, na tayari ni mstaafu. Opio, ambaye amenibeba miaka yote hiyo, anasema nisithubutu kudai kiinua mgongo, maana mgongo ulikuwa wake.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaokuja sasa uwanjani asubuhi na macho yenye usingizi, na hasa wewe Zaituni, uliyechukua nafasi yangu. Kuwaambia kwa mdomo siwezi. Mnanijua. Nikisimama kuongea mbele za watu ulimi unakuwa mzito kama soksi iliyolowa, na naanza kutazama vidole vya miguu yangu. Kwenye karatasi sina haya. Mama yangu ni Mkenya, fundi wa cherehani, na amenisahihishia Kiswahili tangu nikiwa mdogo kwa sababu anasema Kiswahili cha kambini kinamuumiza meno. Nitajitahidi. Lakini watu wa kambi nitawaacha waseme kama wanavyosema. Habari za vikombe, na nani alipandishwa cheo, waulizeni wanaozipenda.

Nilianza kazi bila kuiomba. Baba ni konstebo, na alikuwa ametumwa kituo cha mbali kaskazini, aliko mpaka leo. Sisi tulibaki Kampala, kwenye kibanda cha bati cha mviringo kama wenzetu wote wa kambi ya polisi. Asubuhi kazi yangu ilikuwa maji. Kati ya bomba na nyumba yetu kuna uwanja wa gwaride, na kando ya uwanja ililala nguzo ya simu ambayo hakuna aliyekuja kuisimamisha. Wachota maji waliizunguka. Mimi nilikuwa naogopa kupita karibu na wanaume waliokuwa wakifanya mazoezi, basi nilipanda juu ya nguzo nikatembea mpaka mwisho wake, karai kichwani, mikono chini.

"Wewe mutoto. Rudi."

Alikuwa Sajini Andama, mwalimu wa mazoezi ya viungo, mtu wa West Nile, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo ilifika mbali kuliko filimbi yake. Nilijua nimekosa kitu. Nilirudi.

"Pita tena juu ya hiyo nguzo. Polepole."

Nikapita.

"Sasa rudi nyuma-nyuma."

Nikarudi kinyumenyume, nikisikia maji yakigusa ukingo wa karai na kurudi katikati. Wanaume walikuwa wameacha mazoezi, wananitazama. Nilitamani ardhi iimeze ile nguzo, na mimi nikiwa juu yake.

"Jina yako nani?"

Midomo ilifunguka, sauti haikutoka.

"Hii haina jina," Afande akawaambia wenzake. "Inakaa juu ya kichwa, haisemi. Basi tutaita Kofia."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Mnara wetu, kwa ambaye hajauona, uko hivi. Chini wanasimama wanaume watatu bega kwa bega, na wa katikati ndiye mwenye mzigo mkubwa. Juu ya mabega yao wanapanda vijana wawili wepesi. Juu ya hao wawili, mguu mmoja huku na mwingine kule, anapanda Kofia. Ukifika juu unanyoosha mikono, unapiga saluti, unashuka. Watu wanampigia makofi aliye juu, ambaye ndiye aliyefanya kazi ndogo kuliko wote. Ndivyo watu walivyo.

Siku za kwanza nilidhani natakiwa kusaidia. Mnara ukiyumba kushoto, mimi naegemea kulia. Tulianguka kama kuni zilizokatwa kamba. Wanaume walipokuwa wanajipangusa vumbi, Afande alinijia, akavua kofia yake, akaivaa tena, akainama mbele, akainama pembeni, akatembea huku na huko mbele yangu.

"Umeona kofia inashika kichwa?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Kichwa ndiyo inashika kofia. Wewe juu kaa ngumu kama fimbo. Usitafute balansi. Balansi ni ya watu ya chini. Wao nasikia wewe kwa mabega, nakusogeza. Wewe ukitafuta yako, na wao natafuta yao, ni balansi mbili. Itagombana, mutaanguka wote."

Zaituni, hili ndilo gumu kuliko yote, na hakuna atakayekuonea huruma kwa ajili yake. Ukiwa juu, kila kiungo kinataka kufanya kitu. Vidole vinataka kukunja, mikono inataka kupepea. Vinyime. Kaza tumbo, kaza makalio, tazama mbali, na uwaachie wengine wakusimamishe. Kwa mtu mwenye haya ni kazi nzuri, kwa sababu angalau hakuna anayetarajia uongee.

Vifaa vyetu mnavijua, havijaongezeka. Ile nguzo. Ubao juu ya kipande cha bomba, unaosimama juu yake mpaka ncha zote mbili ziache kugonga chini. Gunia la unga wa mbao la kusimamia kwa mguu mmoja, ambalo likinyeshewa linanuka kama beberu. Karai la maji na ngata ya kitambaa kikuukuu. Viatu hapana. Afande alisema mguu ndani ya kiatu ni kama mtu aliyefunikwa blanketi kichwani, halafu anaulizwa ni nani ameingia nyumbani.

Kila mtu mpya alipewa mtihani uleule. Simama kwa mguu mmoja. Vizuri. Sasa funga macho. Hapo mabondia wenye shingo kama ng'ombe na warukaji wenye medali walianza kurusha mikono kama kuku anayekimbizwa. Afande hakucheka.

"Balansi iko na shahidi tatu," alisema. "Macho, masikio, nyayo. Ukifunga macho, zimebaki mbili. Hapo ndiyo tutajua kama nyayo yako nafanya kazi ama nakula bure."

Habari ya masikio hatukuielewa. Kasozi, Muganda wa maneno mengi aliyemwita kila mtu ssebo, yaani bwana, na aliyesimama chini upande wa kulia, aliuliza kama viziwi wote wanatembea wakianguka. Afande akamjibu kwamba ndani kabisa ya sikio kuna maji kidogo, kama ya kwenye karai, na yakitikiswa vibaya dunia nzima inatikisika.

"Yangu mimi ni pombe, ni waragi, ssebo," Kasozi akasema. "Imezoea kutikisika."

Tukacheka, tukaendelea na kazi.

Katikati ya wale watatu wa chini alisimama Opio. Ni konstebo, mtu wa Lango, mpole, mwenye mabega ambayo unaweza kuandalia chakula. Mnara ulipopanda alikuwa na tabia ya kuguna wimbo puani, na mimi huko juu niliusikia kwa nyayo zangu, umepita mifupa ya watu wawili. Myumbo wake niliujua kama mwendo wa mama yangu. Ulikuwa wa polepole, kama mti mkubwa kwenye upepo mdogo.

Jioni moja mwaka jana Opio alikwenda sokoni Nakivubo kutafuta sukari, ambayo siku hizi inatafutwa kama mtu aliyepotea. Alivaa nguo za raia. Kurudi, kwenye kizuizi cha barabarani, askari wa jeshi wakamsimamisha wakaitaka ile sukari. Akawaambia yeye ni polisi. Heri angesema ni mwizi. Walimpiga kofi la sikio, halafu kitako cha bunduki palepale. Alifika kambini kwa miguu, damu imemkaukia kwenye kola. Alisema ameanguka na baiskeli. Hakuwa na baiskeli. Hakuna aliyemuuliza zaidi, na mnajua kwa nini.

Sikio la kushoto lilikufa. Hilo lilikuwa dogo. Asubuhi alikuja uwanjani akitembea ameitanua miguu, kama mtu aliyesimama nyuma ya lori linalokwenda. Nikamwamkia. Akageuza kichwa kunijibu, akashika hewa, akakaa chini, akatapika.

Lazima nieleze kwa nini hakwenda tu hospitali akalala. Hospitali wangetaka kujua nani amempiga, na siku hizi ukimtaja mwanajeshi umejitaja mwenyewe. Tena polisi aliyeonekana hafai kazi aliachishwa, na aliyeachishwa alitoka kambini na vyombo vyake. Mkewe, Mama Akello, alikuwa mjamzito, amekaribia. Kwao Lango vijana wa ukoo wao walikuwa wameanza kuchukuliwa na wanajeshi, hawarudi. Kambini angalau alikuwa na sare na majirani. Na sherehe ya wakubwa ilikuwa inakuja, mnara umo kwenye ratiba. Opio akisimama katikati siku ile, angebaki na nyumba yake. Asiposimama, angeulizwa kwa nini. Mambo yote yalikuwa hapo.

"Afande, mimi naweza," Opio alisema, bado amekaa chini.

"Simama basi."

Akasimama, akaanguka.

"Kesho utasimama kidogo," Afande akasema. "Kesho kutwa, kidogo tena. Shahidi moja imekufa. Tutafundisha mbili iliyobaki iseme vizuri."

Akaanza naye upya kama mtoto. Miguu peku juu ya mchanga, halafu juu ya gunia, halafu juu ya nguzo. Atembee huku akigeuza kichwa kulia na kushoto, jambo ambalo mwanzoni lilimtapisha kila mara. Opio alijifuta mdomo kwa mkono, akasema, "Tena." Sikumsikia akisema neno jingine uwanjani kwa muda mrefu.

Kumfundisha karai nilipewa mimi. Nilitazama vidole vyangu vya miguu, lakini Afande alikuwa ameshaondoka. Basi mkawa mnaona, wale mliokuwepo, konstebo mzima amepanga foleni bombani na wanawake, ngata mkononi.

"Opio, unaolewa wapi?" mama mmoja akamuuliza.

"Kwenu, kama mahari munayo."

"Mahari tunayo. Lakini bibi harusi namwaga maji."

Walicheka mpaka wakasahau kufunga bomba. Maji yalikuwa yanamtiririka Opio shingoni, naye akacheka pia, na mimi nikaona kwamba mtu anayeweza kucheka akiwa amelowa hivyo hajamalizika.

Nilimfundisha nikiongea na karai badala ya uso wake. Nilimwambia asiyafuate maji. Maji yakienda kulia mtu hukimbilia kulia, na hapo ndipo yanapomwagika. Shingo iwe ndefu lakini laini. Mwendo utoke kiunoni.

"Na dunia ikizunguka, mwalimu?" akaniuliza. Aliniita mwalimu bila utani, na nilikosa pa kuweka uso.

Hilo sikulijua. Nikamuuliza Afande. Akasema Opio achague kitu kimoja kisichosogea, akishike kwa macho kama mtu anavyoshika ukuta gizani. Opio akachagua tangi la maji la kambi, lile lililo juu ya vyuma. Alilishika tangi lile kwa macho wiki baada ya wiki, akiwa juu ya gunia, juu ya ubao, akiwa na karai. Mama Akello alisema mtoto atazaliwa anafanana na tangi.

Ikafika asubuhi akatembea nguzo yote na karai limejaa, hakumwaga. Tukarudi kwenye mnara. Tukaanguka. Tukajenga tena, tukaanguka tena, na kila tulipoanguka ilikuwa vibaya kuliko mara iliyotangulia. Kijana mmoja wa safu ya pili aliteguka kidole. Mimi nilichubuka kidevu, na alama mnaiona.

Mkuu wa kambi alikuja kutazama, fimbo kwapani. Aliona tukianguka.

"Sajini, huyu wa katikati amelewa?"

"Hapana, afande."

"Mgonjwa?"

"Hapana, afande."

"Nitarudi Ijumaa. Akianguka mbele yangu, weka mwingine, na yeye alete ufunguo wa nyumba."

Opio alikuwa amesimama wima, anatazama tangi.

Wote walikubaliana kwamba ni sikio. Kasozi na Wanyama, Msamia mkimya aliyesimama chini kushoto, walimpenda Opio kama ndugu, na kwa mapenzi hayo wakazidi kumkaba. Walimbana kwa mabega pande zote mbili, mikono yao imemzunguka mgongoni.

"Egemea mimi, ssebo," Kasozi alimwambia. "Usiogope. Mimi sitaki wewe uranguke. Mimi ndiyo ukuta yako."

Lakini mimi nilikuwa juu, na juu unasikia yote. Myumbo wa Opio haukuwepo tena. Mnara ulikuwa unagutuka, mara kutoka kulia, mara kutoka kushoto, kama meza inayosukumwa na watoto wawili. Sikujua maana yake mpaka Alhamisi nilipokuwa narudi na maji. Jirani yetu aliniona nateleza kidogo kwenye tope, akanyoosha mkono akalishika karai ili nisimwage, na hapohapo yote yakamwagika. Alisikitika sana. Alijua mwenyewe kwamba karai mtu hutwikwa na hutuliwa, lakini akiwa njiani halishikwi na mtu mwingine. Hata binti mdogo anajua. Ila ukimpenda mtu mkono unatangulia akili.

Nilisimama pale nimelowa na nikaelewa. Walikuwa wanamshika Opio njiani. Nyayo zake zilikuwa zimejifunza kusema, na wao wameziziba mdomo kwa mabega yao.

Kuelewa ni kitu kimoja. Kuwaambia wanaume wazima, tena polisi, kwamba wanamwangusha rafiki yao ni kitu kingine. Mazoezi ya jioni yakaanza na maneno yamenikaa mdomoni kama jino bovu. Wa chini wakasimama. Wawili wakapanda. Nikapanda na mimi. Mgutuko wa kwanza ukaja kutoka kulia. Kutoka juu huoni uso wa mtu yeyote, unaona vichwa tu, na vichwa havitishi.

"Mwacheni," nikasema.

Mnara wote ukatulia kwa mshangao.

"Nani amesema?" Wanyama akauliza kutoka chini.

"Kofia."

"Kofia nasema?"

"Mwacheni Opio. Msimguse."

Tulishuka, na wote wakanizunguka, na sasa nyuso zilikuwepo. Nikaviambia vidole vyangu vya miguu yaliyobaki. Nikasema karai halishikwi njiani. Kasozi alikasirika, na sikumlaumu.

"Unataka tuache yeye aranguke? Ijumaa ni kesho, mutoto. Nyumba ya mutu iko hapa."

Opio ndiye aliyejibu, taratibu, amewageuzia sikio lake zima. "Anasema kweli. Mimi sisikii miguu yangu. Nasikia nyinyi tu."

Afande akaingiza mkono wake kati ya bega la Opio na la Kasozi, akausukuma mpaka ukapita. Akafanya hivyo upande wa Wanyama.

"Nafasi ya mkono," akasema. "Atakayeziba nafasi hii atakimbia uwanja mpaka Krismasi. Panda."

Tukapanda. Nilikaza tumbo, nikanyoosha mikono. Mnara ukaenda kushoto kidogo, ukafikiri, ukarudi. Ukaenda kulia kidogo, ukarudi. Polepole, kama mti. Na chini kabisa nikasikia ule wimbo wa puani ukianza. Kasozi alikuwa anasali kwa Kiganda.

Ijumaa mkuu wa kambi alisimama, akatazama, akasema, "Haya," akaenda zake.

Sherehe ilifanyika uwanja wa Nakivubo. Mimi nilikuwa naogopa kile ninachoogopa siku zote, yaani watu, na sikufikiria jambo lingine. Wala mwenzangu yeyote hakulifikiria, na hilo linanishangaza mpaka leo. Tulipangwa mbele ya jukwaa la wakubwa, tukilitazama. Wa chini wakasimama. Wawili wakapanda. Mimi nilikuwa pembeni nasubiri zamu yangu, na hapo nikaona macho ya Opio yanahangaika. Mbele yake watu walikuwa wanapunga vibendera. Askari walikuwa wanapita mbele ya jukwaa huku na huko, na bendi ilikuwa inageuka. Hapakuwa na kitu hata kimoja kilichosimama. Goti lake la kushoto likaanza kucheza.

"Afande," nikasema, "hakuna tangi."

Nafasi ya Afande ilikuwa kando ya mnara, uso kwa jukwaa, mkono kwenye saluti mpaka mwisho. Hivyo ndivyo tulivyoagizwa. Akamtazama Opio. Akashusha mkono, akatembea mpaka mbele ya mnara, akasimama katikati yetu na wakubwa, akageuka. Mgongo wake ukawa kwa jukwaa.

"Opio. Tangi ndiyo mimi. Tazama hapa."

Goti likaacha kucheza.

"Kofia, panda."

Nilipanda. Nilikaa kama fimbo. Mnara ukaenda kidogo, ukarudi. Nikapiga saluti, na kwa kuwa nilikuwa juu kuliko wote niliona kilichokuwa kinafanyika jukwaani. Mkubwa mmoja, sitaandika ni nani, alimwinamia mwenzake akaonyesha kwa fimbo mgongo wa Afande. Chini yangu Opio alikuwa hapumui kwa nguvu hata kidogo. Afande hakutikisika, wala hakugeuka kutazama nyuma, mpaka miguu yangu ilipogusa nyasi.

Walimwita alasiri ileile. Tulikaa kwenye nguzo ya simu tukimngoja, wote. Alirudi kesho yake mchana. Mkononi mwa shati lake, mahali palipokuwa na tepe za usajini, kitambaa kilikuwa cheusi zaidi, hakijapauka kama sehemu nyingine.

"Wameuliza kwa nini nimepa wakubwa mgongo," alituambia. "Nikasema mwalimu natazama watu yake. Wakasema, kazi yako ni kutazama sisi."

Alipelekwa Karamoja, konstebo wa kawaida. Kabla hajapanda lori alimwambia Kasozi asiliache gunia mvuani. Mimi aliniambia nitarefuka, na nikirefuka nishuke mwenyewe, nisingoje kushushwa. Na Opio walishikana mikono tu, muda mrefu, mpaka dereva akapiga honi.

Mama Akello alijifungua msichana, kwenye nyumba ileile. Hafanani na tangi.

Tangu hapo mazoezi tumeyaendesha sisi kwa sisi, na mengi mnayoyaona nikiwaonyesha kwa mikono badala ya mdomo ni ya Afande. Mwaka huu nikarefuka, nikashuka, Zaituni akapanda. Kisha mkuu wa kambi akatukusanya kabla ya sherehe akasema ameagizwa kwamba mnara ukisimama asiwepo mtu mbele yake, na asitokee tena mtu wa kuligeuzia jukwaa mgongo. Wanyama aliuliza kama tunaweza kugeuza mnara utazame upande. Hatuwezi. Kuchomeka nguzo mbele? Hatuwezi. Opio akasema atajitahidi. Alisema kama alivyosema siku ile alipotapika, amekaa chini.

Zaituni, siku ya sherehe wewe ulikuwa nyuma, hukuona. Wawili walipopanda, goti la Opio lilianza. Nilikuwa nimesimama kando na sare niliyoshonewa na mama, sina kazi yoyote, mstaafu. Nikatembea mpaka mbele, nikageuka. Opio aliyashika macho yangu kama mtu anavyoshika mlango, na mimi nikakaza tumbo nikasimama. Nilisikia uwanja wote nyuma ya shingo yangu. Kwa mwenye haya, nawaambia kweli, ile ndiyo nafasi nzuri kuliko zote, kwa sababu maelfu wanakutazama na wewe unamwona mtu mmoja tu. Wewe ukapanda, ukapiga saluti, ukashuka.

Mpaka leo wakubwa hawajaniita. Huenda waliona ni msichana wa shule asiyejua anachofanya. Mama ameshafunga cherehani kwa kamba, anataka twende kwao Kenya, na nimemwomba tungoje nimalize mitihani.

Wakiniita, au tukiondoka, nafasi ile isikae wazi. Opio msemesheni upande wa kulia. Nafasi ya mkono kati ya bega na bega, na Kasozi akikataa mkumbusheni habari ya Krismasi. Kisha mmoja wenu asimame mbele yake, umbali ambao anaweza kuona macho, miguu wazi kidogo, mikono chini. Asitabasamu. Asigeuke, hata akiitwa jina, mpaka Zaituni aguse ardhi.